Upande wa Joto, Upande wa Baridi

Mwanza, tarehe 9 Februari 2023

Kwako Tantine Nzigire,

Asinge, nakuamkia kwa lugha ya kwetu. Nimefika, na mwili hauna neno isipokuwa miguu iliyovimba kwa kukaa kwenye lori la Anastase toka Kamembe mpaka huku. Umshukuru ukimwona. Ni dereva mwenye moyo, na amekubali kubeba barua zetu kila atakapopita. Binti yako Aurore amepona malaria? Na vitenge vyako, bado unavuka mto Ruzizi mwenyewe kuvifuata Bukavu, au sasa unamtuma mtu? Nisalimie wote wanaonikumbuka kwa wema.

Chuo cha wanyamapori kimeanza. Walimu ni wazuri.

Sasa nisikilize, maana neno hili ndilo lililonisumbua njia nzima. Mpunga ni chatu wa bonde. Nilimwokota mdogo kwenye mashamba ya mpunga ya Bugarama, watu wakiwa wameshainua majembe, na joto la kule ndilo analolijua. Kwenu Kamembe ni mlimani, asubuhi mtu anatafuta sweta. Nyoka hana moto wake mwenyewe tumboni kama sisi. Analipata joto pale anapolala, na akilikosa, panya aliyemmeza anaozea ndani yake.

Ndiyo maana sanduku lake lina pande mbili. Upande wa mkeka wa joto uwe digrii thelathini na mbili. Upande wa bakuli la maji uwe ishirini na sita, na usiku usishuke chini ya ishirini na nne. Usijaribu kupasha sanduku zima, kwa sababu lazima awe na pa kukimbilia akizidiwa. Mkeka ukae chini ya kioo, kwa nje. Kile kisanduku cheupe ukutani, termosta, ndicho kinachouwasha na kuuzima mkeka, kwa hiyo asikichomoe mtu ili achaji simu. Umeme ukikatika, jaza chupa maji ya moto, zifunge kwa kitenge, ziweke karibu naye. Usiwashe makaa humo. Na usimlishe akiwa baridi.

La mwisho, Tantine, na hili ni zito kuliko yote. Papa asijue Mpunga yuko kwako. Unakumbuka wazee wa kanisa walipokuja kwetu Muganza, hukohuko bondeni, wakasema katika nyumba ile kuna kitu kinafugwa ili kilete mali. Papa angeweza kuwaambia kwamba ni mnyama wa mwanawe. Hakusema. Aliwaacha wamtie kwenye gunia, akapanda naye hadi Nkungu kwenye baridi ya msitu, akamwacha kando ya barabara. Nilipomkuta kesho yake alikuwa amekauka kama fimbo. Mtu anayemwua mnyama kwa baridi hataki hata kuchafua mikono. Sitaki tena kula naye.

Usiniombe namba ya simu. Yako inapokewa na kila anayekaa dukani. Leo akiijua Aurore, kesho Papa ananipigia.

Mwanao,
Bashige


Kamembe, tarehe 20 Machi 2023

Mutoto wangu Bashige,

Barua yako ilifika na vumbi ya njia yote, nikaisoma mara mbili, ya kwanza kwa macho, ya pili kwa sauti juu ya sababu Aurore alikuwa ananisumbua. Yeye alishapona. Anakula sawa muntu anayelipwa kwa kula. Clarisse, mutoto wa jirani, aliolewa Jumamosi. Mvua iliwanyeshea toka kanisani mupaka ku meza, lakini bantu bakacheza vile vile. Mvua ya mwaka huu haina adabu. Miye ninavuka Ruzizi mwenyewe bado. Nikimutuma mwengine ananiletea vitenge vya rangi ya matope.

Nyoka yako iko. Wiki ya kwanza ilikula panya moja, miye nilifumba macho nikahesabu kwa Mungu. Joto ni vile ulisema: thelathini na mbili ku mkeka, ishirini na sita ku maji. Termosta haijaguswa. Bamama ba chorale ya kanisa walikuwa banakuja kwangu kila Alhamisi kunywa chai; sasa banasimama ku mulango, banasema bako na haraka. Sikuwaambia kintu. Lakini jirani alisikia neno, na neno linapita ukuta kuliko panya.

Sasa na miye niulize. Uliandika kurasa mbili juu ya nyoka, na juu ya chuo mustari mumoja. Walimu ni wazuri, unasema. Banaitwa nani? Unalala na wanafunzi wangapi mu chumba? Chakula ni bugali ao wali? Muntu mwenye kutoka nyumbani mara ya kwanza anaandikaka juu ya chakula. Weye hauandike. Na Kiswahili chako kimekuwa cha Batanzania kwa mwezi mumoja, unaandika sawa muntu mwenye kusoma habari ku redio. Hiyo si mubaya. Inanifanya tu nijiulize uko unaishi na nani.

Papa yako hajui kintu. Hata haulize.

Tantine yako,
Nzigire


Mwanza, tarehe 2 Mei 2023

Kwako Tantine,

Nakusalimu, na Aurore, na bibi harusi Clarisse. Mungu awape wote afya. Huku mvua imepungua na samaki ni wengi. Umeuliza chakula: tunakula wali na sangara. Sasa umejibiwa.

Nina jambo linalonikwaruza. Wiki iliyopita nilikutana stendi na kijana wa kwetu, Nshuti, amekuja kutafuta vipuri vya pikipiki. Tukazungumza habari za nyumbani. Akaniambia katikati ya Machi mtaa wenu ulikaa karibu wiki nzima bila umeme, nguzo zimeangushwa na mvua, watu wanakwenda kuchaji simu zao mpaka kwenye soko. Nikarudi nikaisoma barua yako. Iliandikwa wiki ileile. Nawe unaniambia thelathini na mbili, ishirini na sita, kama mwanafunzi aliyenakili majibu ubaoni. Mkeka ulipata wapi moto, Tantine?

Kisha kile kikaratasi ulichompa Anastase baada ya Pasaka. Humo unasema thelathini na tatu upande wa mkeka, na upande wa maji ishirini na tisa. Ishirini na tisa! Mwezi wa nne, Kamembe, mvua inanyesha! Chumba chako hakijawahi kufika hapo tangu kijengwe.

Sikuiti mwongo. Wewe ni dada wa Papa lakini ndiwe uliyenipokea na sanduku langu mlangoni. Ila mtu anaponipa namba zisizoweza kuwa kweli, najiuliza anafunika nini. Kama Mpunga amekufa, niambie. Nitaumia, lakini nitajua. Ukinificha, nitaumia kila nikifungua barua yako.

Wakati huu lazima awe amevua gamba au anakaribia. Akivua, usilitupe. Likunje polepole ndani ya gazeti, umpe Anastase aniletee. Gamba haliwezi kuniandikia jambo lisilokuwapo.

Bashige


Kamembe, tarehe 28 Juni 2023

Bashige,

Tuko wazima wote. Jua lilirudi. Nilichelewa kujibu juu ya kazi, na juu ya sababu zangu.

Gamba ndilo hili. Nililikunja mu gazeti sawa vile ulitaka. Nyoka haijafa, muntu aliyekufa havue nguo.

Juu ya joto sina la kuongeza. Uliomba namba, nilikupa namba. Kama zilikuwa mbaya, ungenishukuru zilikuwa za juu kuliko za chini.

Lakini nilimuomba Anastase kintu bila kukuambia, na leo ninakuambia. Nilimuomba apite ku mulango wa chuo yako. Alipita. Muntu wa mulango alitazama, akamuita mwengine, naye akatazama. Walisema hakuna Bashige mwana wa Mukengere, mwaka huu wala mwaka uliopita. Anastase akauliza barua zako banaziletaka wapi. Walicheka. Weye mwenyewe unamupokea ku stendi, anasema, na unafika na viatu vya mpira vya kuoshea mahali.

Basi na miye sikuiti mwongo.

Nzigire


Mwanza, tarehe 15 Julai 2023

Tantine,

Salamu kwa nyumba nzima.

Nimelipokea gamba. Nimelifungua juu ya meza kwa uangalifu kama mtu anayefungua kitambaa cha marehemu. Ni zima, toka pua mpaka mkia, hata vifuniko vya macho vimetoka nalo. Nyoka aliyekosa joto au unyevu anavua vipande vipande. Huyu hakukosa. Amekuwa mrefu kunipita. Nilifurahi, nikakaa nikafurahi peke yangu muda mrefu.

Halafu nikaona vidole vyangu. Vilikuwa vya kijivu.

Nilikipangusa kidole kwenye kitambaa cheusi, nikalinusa lile vumbi, nikalitia tone la maji na kuliacha juani. Likaganda. Tantine, nimekulia kwenye vumbi hilo. Nimelifagia kila asubuhi kwenye baraza yetu, nimelikung'uta kutoka kwenye mavazi ya Papa kila alipotoka zamu kiwandani. Kamembe hakuna vumbi la saruji. Na ishirini na tisa upande wa maji, bila umeme wala jua la Kamembe, ni joto la bonde. Sasa namba zako zote zimekaa sawa. Hukuziandika uongo. Ulizisoma kweli, au ulisomewa, ila si chumbani kwako.

Mpunga yuko Muganza. Yuko kwa Papa.

Umemrudisha mikononi mwa mtu aliyemtupa. Sijui alikuambia nini, wala alikutisha na nini. Labda wazee wa kanisa wamempa kazi ya kummaliza taratibu, aonekane amekufa mwenyewe. Mkeka ukiondolewa waya wa kupimia, unachemka mpaka unachoma, na nyoka hajui kuondoka. Analala pale pale anaungua tumboni bila sauti. Ni rahisi sana. Hakuna atakayelaumiwa.

Nina swali moja tu na nataka jibu lake tu. Amemchoma?

Bashige


Kamembe, tarehe 30 Septemba 2023

Mutoto wangu Bashige,

Asinge. Maman Bernadette, yule wa ku kona mwenye kuuza samaki ya sambaza, alituacha; tulimuzika Gitambi, kwao. Aurore alirudi masomo. Miye goti linanisumbua ku ngazi ya duka, lakini ninapanda.

Barua yako ilikaa chini ya kitambaa cha meza siku nyingi. Nilikuwa nimemuahidi muntu kwamba sitasema. Lakini uliuliza kama ilichomwa, na swali sawa ile haliachwe. Haikuchomwa. Sasa kaa chini, nikuelezee toka mwanzo.

Ile mvua ya Machi iliangusha nguzo, ni kweli. Siku ya kwanza niliweka chupa za maji ya moto, nilizifunga na kitenge. Termometre ikashika ishirini na tatu, nikafikiri tutapita. Siku iliyofuata makala ya jiko ilikuwa imelowa, maji ilikataa kuchemka, na termometre ikashuka mupaka kumi na saba. Nyoka ilijikunja mu kona. Nilipoigusa na kijiti haikukimbia. Kisha ikainua kichwa juu, kinywa wazi, na povu kidogo ku midomo, sawa mutoto mwenye pumu. Miye Nzigire nilikaa chini nikalia juu ya nyoka. Kama uliniona ungecheka.

Nilijua nyumba moja tu yenye joto. Nikampigia kaka yangu. Sikumwambia akuje. Nilimwambia tu nyoka ya Bashige iko kwangu, na termometre inasema kumi na saba. Kisha akaniambia nisifunge mulango.

Alifika na camion ya kubeba saruji, mu mavazi ya kazi, vumbi mupaka ku nyusi. Weye unajua Papa yako anaogopa nyoka. Haikukuwa maneno ya wazee ba kanisa tu. Tangu tuko batoto, hata kamba ikilala mu njia yeye anazunguka. Nilimupa gunia. Akalitazama, akalirudisha. Alisema njia ya kushuka ni ndefu, mu gunia itakufa. Kisha akaniuliza:

"Joto ya muntu iko ngapi?"

"Thelathini na saba."

"Basi inatosha."

Akafungua koti, akainua shati, akaniambia nimuwekee ile nyoka ku tumbo, juu yeye mwenyewe hangeweza kuishika. Niliiweka. Akafunga vifungo vyote. Uso wake ulitoka jasho sawa muntu mwenye homa. Dereva wa camion hakujua anabeba nini. Wakashuka Bugarama vile.

Tangu ile siku iko kwake. Sanduku, mkeka na termosta alikuja kuvichukua mu safari ya pili. Namba nilizokuandikia ni yeye alinisomea ku simu. Zile za Machi nilikuandikia vile ulitaka kusikia, juu sikuwa na zingine. Na ni yeye alinifunga kinywa. Alisema: "Akijua iko kwangu atakuja kuitoa, itakufa mu njia, na atasema ni miye tena."

Usifikiri nilimuamini. Weye haukuzaliwa peke yako na shaka, ni ya ukoo. Nilijiuliza muntu aliyepeleka nyoka Nkungu ifie mu baridi anataka nini nayo leo. Mwezi wa tano nikashuka Muganza bila kumwambia. Mulango ulikuwa umefungwa na kofuli. Nikazunguka ku dirisha, nikaona sanduku limefunikwa na ile koti yake nyeusi ya Jumapili, yote, sawa vile banafunika maiti. Nikasema, aliiua. Nikakaa ku kivuli cha nyumba kumungojea, na maneno yote ya kumutukana nilikuwa nimeyapanga.

Akatoka zamu, akanikuta. Hakushangaa.

"Ulikuja kunichunguza."

"Ndiyo."

"Basi soma mwenyewe."

Akafungua, akatoa koti ku sanduku, akanipa termometre mu mukono. Thelathini na mbili. Ishirini na nane. Nyoka ilikuwa imejinyoosha ku mkeka, nzito, inang'aa. Alinielezea kwamba mu Muganza mchana ni joto sana, shida ni kupoza si kupasha. Analowesha nguo anaiweka ku upande wa maji, na koti inazuia jua ya dirisha. Alikuwa na alama nyekundu ku mukono, hapa ndani. Nikauliza. Akanielezea. Waya wa kupima uliwahi kutoka mahali pake, na tangu pale haiamini mashine. Kila akiamka anaweka mukono wake ku mkeka kwanza, anaulaza pale wakati wote wa kunywa chai. Kama unamuchoma yeye, unachoma na nyoka.

Nikamuuliza kwa nini koti ya Jumapili. Akasema Jumapili ile koti haiko na kazi tena.

Na hiyo ndiyo sehemu hakutaka kabisa uijue. Wazee walirudi. Walikuta sanduku. Walimuuliza mbele ya jirani bote ni kintu gani anafuga. Miye sikuwako, Mukabaranga mwenye kuishi ku nyumba ya pili ndiye alinielezea. Anasema alisimama ku mulango na akajibu taratibu: "Ni mnyama wa mutoto wangu." Walimutoa ku benchi ya wazee, mahali alikaaka kila Jumapili. Straton, mwenye nyumba, alimuomba ahame, kwa heshima, lakini ahame. Sasa anaishi nyuma ya mashamba ya mupunga, kwa njia mubaya, na anaenda kazini na miguu.

Hakuniambia pole yoyote nikupelekee. Sikumusikia akisema alikosa. Ninakuandikia tu nilichoona.

Weye haukujibu juu ya chuo.

Tantine yako,
Nzigire


Mwanza, tarehe 22 Oktoba 2023

Kwako Tantine Nzigire,

Pole kwa Maman Bernadette. Aliwahi kunipa sambaza za bure nikiwa mtoto, nilipomsaidia kuanika. Pole na goti pia. Lipake mafuta ya moto, usipande ngazi na mzigo.

Nimesoma barua yako kwa siku kadhaa, kipande kipande. Sijui niamini nini. Najua hujatunga, maana hujui kutunga. Ulipotunga mwezi wa tatu nilikukamata. Lakini mtu hufanya jema kwa sababu nyingi. Huenda anaona haya mbele yako. Huenda anataka nirudi nimfulie mavazi. Huenda anamshikilia Mpunga kama mtu anavyoshikilia mbuzi wa jirani, mpaka jirani aje mwenyewe kupiga magoti. Miaka yote niliyokaa naye hakuwahi kugusa hata kioo cha lile sanduku. Sasa mtu huyohuyo analaza mkono kwenye mkeka? Naona picha, lakini uso wake siuoni.

Basi muulize jambo moja, na usimsaidie. Muulize: kabla hajavua gamba, macho ya Mpunga yanakuwaje? Asiyemtazama kila siku hawezi kujua. Asiponijibu, nitakuja kumchukua hata kama ni kwa miguu.

Juu ya chuo, ulisema kweli. Sikupokelewa. Vyeti vyangu vya shule ya Bukavu vilihitaji mihuri ambayo sikuwa nayo, na muda ukapita. Kurudi sikuweza. Niliondoka nimempigia Papa mlango usoni, na nilimwambia atanisikia nikiwa na cheo. Kuna mzee mmoja hapa nje ya mji ana nyumba ya nyoka, wageni wanalipa kuingia kutazama. Ninasafisha visanduku, ninabadili maji, ninapima joto asubuhi na jioni. Ndizo hizo buti za mpira alizoziona Anastase. Nyoka hapa wana taa na termosta kila mmoja. Mimi nalala hapohapo, kwenye stoo ya nyuma, ukuta wa mbao. Si pabaya. Nimejifunza mengi ambayo pengine chuoni nisingeyajifunza, ingawa hilo nalisema zaidi kujifariji.

Hili la stoo na la chuo usimsomee Papa. Msomee swali la macho, basi.

Bashige


Kamembe, tarehe 17 Desemba 2023

Mutoto wangu Bashige,

Noeli inakaribia, soko imejaa, hata goti limesahau kuuma. Aurore alipita mitihani. Clarisse iko na mimba. Anastase anaondoka kesho asubuhi na ninaandika haraka, na kalamu hii inataka kuisha.

Nilishuka Muganza Jumapili iliyopita. Nilimukuta kaka yangu anajenga. Alileta matofali, anataka kuijengea nyoka nyumba ndani ya chumba, juu sanduku lako limekuwa dogo. Ikigeuka, mkia unagonga kioo. Anajenga upande mumoja mrefu kwa ajili ya baridi, sawa vile ulifundisha, na ananiuliza miye vipimo kama vile ninajua. Aliipima urefu na kamba, lakini aliipimia toka nje ya kioo. Bado anaiogopa. Hiyo haijabadilika na sitakudanganya.

Nikamuuliza swali yako, nikakaa kimya sawa vile uliomba. Hakufikiri hata. Alisema: "Yanakuwa sawa macho ya mama yetu pale mwisho, wakati alikuwa anatushika uso na mikono kwa kututambua. Nyeupe-buluu, na maziwa ndani. Kwa siku zile inakasirika, siifungulie." Kisha akauliza kwa nini ninauliza. Nikamwambia ni weye. Akaweka tofali chini.

Sasa juu ya ile nyingine. Ulisema nisimusomee. Nilimusomea. Yote, toka vyeti mupaka stoo. Kasirika unavyotaka. Nilichoka kubeba siri ya bantu babili benye damu moja, kila mumoja ananifunga kinywa upande wake, na miye nikiwa katikati sawa kioo.

Alinisikiliza akiwa amesimama. Nilingojea aseme neno juu ya chuo, juu ya mulango uliomupigia, juu ya mihuri. Akaenda kunawa matope ku mikono, akanawa muda mrefu kuliko matope ilivyokuwa. Akarudi, akatazama termometre, akairudisha. Kisha akaniuliza:

"Na mu ile stoo, wakati wa usiku, kuna digrii ngapi?"

Nikamwambia sijui.

Alisema nikuandikie nikuulize, na nisiseme ni yeye anauliza. Basi ni miye ninauliza.

Tantine yako mwenye kukungojea,
Nzigire